Baba Kashika Sikio

Shoga, nimejifungia chooni hapa hapa ukumbini.

Si walimwita Baba kumtuza kwa nyimbo zake za filamu? Binti mmoja kaimba ule wa mvua. Ule alioutunga mbele ya macho yangu, mimi nina homa, Mama anakoroga khichuri ya mchele na dengu jikoni! Kolkata nzima imesimama inapiga makofi.

Mshereheshaji akamuuliza, "Kaka Nirupam, wimbo huu uliutoa wapi?"

Baba akashika sikio.

Sharbani, alishika SIKIO! Vile tunavyoshika tukimtaja mwalimu wetu. Akasema, "Si wangu huu. Ni wa Ustadh Latafat. Mimi niliuimba tu."

Makofi yakazidi! Eti mzee mnyenyekevu. Unyenyekevu gani? Ustadh, mwalimu wake wa muziki, si ndiye aliyemtimua kwa wimbo huo huo? "Umeipeleka raga yangu, lahani niliyokufunza, sinema, usinitaje tena!" Baba hakukanyaga kwake mpaka Ustadh anazikwa.

Nikamfuata nyuma ya jukwaa. "Baba, wimbo ule ni wako. Uliutunga wewe."

Akanikodolea macho. "We mtoto, shusha sauti! Ustadh asije akakusikia."

Shoga, hatanii. Kachungulia kwenye pazia, anatafuta viti vya mbele. "Kakaa wapi? Ameupenda?"

Mtu yuko kaburini miaka yote hii.

Nikamwambia, "Ameupenda, Baba. Ameupenda sana."

Akalia kama mtoto. Halafu akashika sikio tena.