Kamera Uliyotuwekea Karakanani

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wapwa zangu nao wazima, hasa yule mdogo aliyekuwa na homa. Mimi mwili haujambo. Mengine nitakueleza, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu simu.

Najua mumeo amekwisha kukupa habari kwamba Mzee Randa amemkabidhi funguo za karakana yake ya useremala. Hongereni. Ila shemeji si mtu wa maneno mengi, basi acha nikusimulie mwenyewe ilivyokuwa.

Unakumbuka tangu mzee avunjike nyonga hafiki tena kazini. Akasema mimi na shemeji tutengeneze kabati moja pamoja, naye ataitazama kazi kwenye picha, na mkono utakaomridhisha ndio utakaoshika karakana. Miaka tisa nimechonga mbao za mzee yule nikisubiri aniambie neno moja zuri. Wewe, mpiga picha wa ukoo, ukajitolea kamera yako. Ulisafiri mpaka hapa, ukaifunga juu ya rafu ya misumari, ukaniambia itajipiga picha yenyewe kila baada ya dakika moja, kimya kimya, kisha iziunganishe ziwe filamu, na kazi ya siku kumi na moja ipite kwa dakika chache. Nikakuamini. Nani asiyemwamini dada yake?

Kazi ilikwenda vizuri. Milango ile yenye maua niliichonga mimi, na droo zote sita nilizipachika mimi. Shemeji alikata mbao na kupiga msasa, na simbezi, msasa wake ni mzuri. Ila siku zile alikuwa mtu wa kunituma tu. Mara gundi stoo, mara nikaangalie kama mwenye mbao amefika, mara maji ya kunywa. Nikiinuka, yeye anakaa kwenye benchi langu na kushika patasi yangu. Na saa ya mkononi haikumtoka machoni, hata nikamtania kwamba huenda mshahara unakuja kwa miguu. Alicheka kidogo. Shemeji ni mkubwa kwangu, akinituma naenda.

Jumamosi tukakusanyika kwa mzee, kando ya kitanda chake. Filamu, ambayo kamera yako iliituma yenyewe kwenye simu ya mzee, iliisha kabla sijakaa vizuri. Kabati likaota lenyewe mbele ya macho yetu, na kila ua lilipojitokeza kwenye mbao, mkono uliokuwa juu yake ni wa shemeji. Mimi nilionekana mara tatu, na ya tatu nimeshika ufagio. Nilijaribu kujieleza, mzee akanikatiza, akasema watu wana ulimi wa kudanganya, picha haina. Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake. Niliaibika, dada, nikaondoka bila kuaga.

Jumatatu nikapanda kuishusha kamera nikurudishie, nikazifungua picha moja moja. Kila picha ina saa yake pembeni. Saa mbili kamili. Saa mbili na robo. Saa mbili na nusu. Saa tatu kasorobo. Hivyo hivyo siku zote kumi na moja, wala hakuna hata moja ya katikati. Ndipo nikaielewa ile saa ya mkononi.

Kamera yako hailii wala haiwaki taa. Aliye chini hawezi kujua inapiga lini mpaka aambiwe, na shemeji hajui hata kuiwasha. Mimi uliniambia dakika moja. Yeye ulimwambia ukweli.

Sijamwambia mzee wala mama, na sitawaambia. Ila nami nina la kukiri. Mama alikuwa amenidokeza kwamba mambo yenu hapo nyumbani yanayumba. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nikipewa funguo nitamkabidhi shemeji, mimi nibaki na benchi langu. Ungeniomba ningekupa. Nilichotaka ni mzee auone mkono wangu kabla hajafa, basi. Hicho ndicho ulichonichukulia, na hakikukufaa kitu.

Kamera nimempa kondakta wa basi la asubuhi, kaipokee. Wabusu wapwa zangu, uwaambie mjomba amehamia kazi ya mbali na anawakumbuka kila mmoja. Anuani yangu mpya anayo mama, nimemwomba asikupe.

Ni mimi,
mdogo wako wa tumbo moja.