Mubirizi wa Koko unaenda Mbarara

Anne na Prince,

Maharage iko mu sufuria, mutie chumvi tu. Mbuzi wasifike fasi ya mubirizi, ule muti wangu wa dawa chungu. Jua limekausha shamba lote, ule peke yake ndio uko kijani.

Nimekata matawi mingi asubuhi. Dada yenu Orpa alipiga simu: universite yake kule Mbarara wanataka majani yake, wachunguze kama kweli yanatibu tumbo. Orpa huyu huyu! Aliyekuwa ananitemea dawa hiyo kwenye kitenge akiwa mutoto, akipiga kelele eti ninamuua na uchungu!

Ninarudi kesho. Majirani wakiuliza, museme mujukuu wangu wa universite ameniita.

~~Nimevaa kitenge kipya.~~ Nimevaa kile kile cha zamani. Wenzake Orpa waone doa lile.

Koko yenu