Arobaini na Mbili Imefika Mpofi

Papa Neema,

Mashine yako, ile kompyuta uliyotaka Neema aipate, imefika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo uliloniuliza mara ya mwisho tulipoonana, hata kabla ya kunijulia hali. Iko Mpofi, dukani kwa binti yako, haina ufa, na inafanya kazi. Namna inavyofanya kazi ni habari ndefu, na ndani yake kuna kosa letu sisi wawili. Nivumilie. Unajua siwezi kusimulia jambo kuanzia katikati.

Tangu tukuzike hapa Kibabi, mvua zimekuja mara mbili. Mama Neema anaendelea na jibini. Ng'ombe wako wa madoa amezaa ndama jike. Barabara ya kushuka Walikale hadi Mpofi ilikuwa imefungwa siku zile, ndiyo maana Neema hakufika mazikoni. Alipata habari kwa simu, amesimama dukani, na mteja anasubiri chumvi. Baadaye aliniambia, "Mwalimu, sikuona hata udongo." Basi kompyuta ile haikuwa tena kitu cha kuchezea. Ilikuwa kazi ya mikono yako, na ndiyo pekee ambayo angeweza kuigusa.

Nakiri kwamba nilikudharau kwa ajili yake. Mtu mzima, fundi wa jibini, ameketi mbele ya kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani ya Goma, anacheza mpira kwa vidole! Tena mpira wenyewe ulikuwa unakwama hewani, na wachezaji walisogea kama watu wanaovuka matope. Nilikuambia kwamba mashine imezeeka kama sisi, uiache. Ukanijibu, "Kuzeeka aiko kufa, Mwalimu. Hii kitu iko na mbiyo ndani, balikataza tu kuitosha." Nikakusahihisha Kiswahili chako: si "balikataza kuitosha", ni "walikataza kuitoa". Ukacheka, ukarudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi.

Kisha ukafungua sanduku, ukanionyesha prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu zote. Nilitarajia kitu kikubwa. Kilikuwa na ukubwa wa biskuti ya chai. Juu yake palikuwa na dawa nyeupe ya kupitishia joto, imekauka kama maziwa yaliyoungua chini ya sufuria. Ukaikwangua polepole, ukapaka mpya, ukarudisha feni. Ukawasha. Kabla mashine haijaamka vizuri, ukaingia katika ukurasa wa mipangilio, na hapo namba ya mwendo ilikuwa thelathini na nne. Ukasema hiyo maana yake ni mapigo bilioni tatu na milioni mia nne kwa sekunde moja. Nikakutaka urudie. Ukarudia.

Sijawahi kukuambia nilifanya nini baada ya hapo. Nilitoka nje, nikasimama karibu na zizi, nikashika mshipa wa mkono wangu. Ukapiga mara moja. Nikajaribu kufikiri ni mangapi yamekwisha kupita ndani ya ile biskuti katika pigo langu hilo moja, nikashindwa. Nimefundisha watoto kuhesabu kwa punje za mahindi maisha yangu yote. Jioni ile nilisali kama mtu anayeanza.

Ukapandisha hadi thelathini na tano. Siku nzima uliiacha ifanye kazi nzito, ukisoma joto lake kwenye kioo, bila kuigusa, kama ulivyokuwa ukiyaacha maziwa yagande. Kesho yake thelathini na sita. Hukuruka hata hatua moja, nami, niliyekuita mvivu, nikaanza kuja kila asubuhi kuuliza, "Iko ngapi leo?" Ndiyo, nilisema "iko". Mbele yako tu. Ilipofika arobaini na tatu, kioo kikawa cheusi. Ukapiga makofi: "Aa, imekataa! Inajua kusema hapana!" Ukarudi arobaini na mbili, ikatulia.

Siku hiyo wachezaji walikimbia. Sina neno kubwa zaidi, na sitalitafuta. Walikimbia, wakageuka, jezi zikatikisika. Nilikuwa nimefundisha kwamba aliyetengeneza kitu ndiye anayejua mpaka wake. Kumbe watengenezaji waliandika thelathini na nne ili hata prosesa iliyo dhaifu kuliko zote iweze, na yako ilikuwa imekaa miaka yote hiyo ofisini, ikiandika barua, na nguvu yake ndani.

Sasa kosa letu. Kazi ile yote tuliifanya katika chumba cha jibini. Umeme wa turbini yako ya mtoni ulikuwa unafika humo, na meza ilikuwa humo. Tulikuwa tumevaa sweta, tunapuliza vidole, na hakuna aliyefikiri lolote juu ya baridi hiyo. Kwetu chumba ni hivyo.

Barabara ilipofunguka, nilifunga mashine ndani ya blanketi mbili, nikapanda nayo pikipiki kwa siku tatu. Neema aliipokea kwa mikono miwili, akakaa nayo magotini muda mrefu bila kuifungua. Alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani. Kesho yake mchana duka lilijaa. Tukaunganisha na umeme wake wa jua. Dakika ishirini hivi mchezo ulikwenda, na Mpofi yote ilikuwa inapiga kelele. Halafu kioo kikawa cheusi. Tukawasha tena, ikazimika tena. Kijana mmoja akasema, "Dada Neema, papa yako amekutumia jiwe ya kusagia?" Watu wakacheka. Neema hakucheka. Alifuta meza ambayo haikuwa chafu.

Aliniomba nishushe namba. Nikakataa. Papa Neema, nilikataa siku mbili. Namba ile uliiweka wewe, na wewe huwezi kuja kuiweka tena. Nilikagua nyaya, nikapaka dawa upya, nikailaumu barabara. Siku ya tatu niliona jibini niliyomletea kutoka kwa mama yake. Ilikuwa juu ya kaunta, inatoka jasho la mafuta, imelegea, inainama upande mmoja. Nikaitazama jibini. Nikaitazama mashine. Nikaketi juu ya gunia la mchele, nikacheka hadi machozi yakatoka, na baada ya hapo sikuwa nacheka tena.

Ulikuwa umepima mashine na baridi ya Kibabi pamoja, nami nilikuwa nimeleta nusu tu.

Neema akasimama mbele yangu. "Papa Mwalimu, punguza tu. Papa yangu alikuwa na kichwa nguvu, lakini haikufika yako."

Nikashusha. Arobaini na moja, ikazimika. Arobaini, ikazimika. Thelathini na tisa. Kila mara nilihisi kama ninafuta maandishi yako kwa kidole. Kwa thelathini na tisa ilikwenda tangu mchana hadi duka lilipofungwa, na yule wa jiwe la kusagia alifungwa mabao sita na mke wake.

Asubuhi iliyofuata Neema aliniamsha. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni hadi mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilitafuta sweta. Alikuwa amefungua milango yote miwili, na kwenye kioo alikuwa ameandika arobaini na mbili. Tukacheza mchezo mmoja, yeye na mimi, sisi peke yetu. Ulikwenda hadi kipenga cha mwisho. Aliweka kiganja juu ya sanduku, akakiacha hapo, akasema, "Papa." Sikujua kama ananiita mimi, wala sikuitika.

Sasa ndivyo anavyofanya kila ukungu unaposhuka: mchezo mmoja kwa mwendo wako, kisha anashusha mwenyewe na kufungua duka.

Pumzika, rafiki yangu. Nitashuka Mpofi kila mwaka kubadilisha dawa, maadamu miguu inanibeba. Siku ya kuondoka kwangu Neema aliuliza kama asubuhi moja ya ukungu, baridi ikizidi, anaweza kujaribu arobaini na tatu. Nilifungua kinywa kumkataza, kwa mazoea. Nikakifunga. Nakuahidi kwamba siku hiyo nitakuwepo, nimesimama nyuma yake, mikono mfukoni, kimya.