Sauti za Redio ya Chokocho Hazikufutwa

KITUO CHA POLISI MKOANI, PEMBA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Radhiya Anas Seif
Umri: Miaka 31
Kazi: Fundi wa kompyuta
Makazi: Mkoani

Mnamo tarehe 14/10/2024, asubuhi, nilipigiwa simu na Mzee Talib, msimamizi wa redio ya kijiji cha Chokocho. Alisema redio imenyamaza tangu jana na vipindi vyote vilivyorekodiwa vimefutwa. Alimshuku Ahmada Nyange, fundi wake aliyeacha kazi wiki iliyotangulia baada ya wao kugombana. Ahmada alikuwa ameshakamatwa. Mimi na Ahmada hatuna udugu.

Nilifika Chokocho kabla ya adhuhuri. Kompyuta yao inatumia mfumo wa Linux. Iliwaka, lakini programu ya matangazo ilikataa kufunguka, ndiyo maana vipindi havikuonekana. Nikatazama nafasi ya diski. Ahmada aliigawa sehemu tatu: ya mfumo wenyewe, ya kumbukumbu ambazo kompyuta hujiandikia kila linapotokea jambo, na ya vipindi. Sehemu ya kumbukumbu ilikuwa imejaa pomoni, programu ikakosa pa kuandika. Waya wa mashine ya sauti ulilegea, na kompyuta ikawa inaandika hitilafu ileile mfululizo hadi nafasi ikaisha. Hakuna mtu aliyefuta kitu.

Sehemu ya vipindi ilikuwa salama. Nilimwambia Mzee Talib, "Mzee wangu, lau vyote vingewekwa pamoja, hata vipindi vingekosa pa kukaa."

Akasema, "Hebu nifungulie cha Bi Moza."

Bi Moza ni marehemu mkewe, alikuwa akiwasimulia watoto hadithi redioni. Nilifungua. Sauti ikatoka safi: "Wanangu, hamjambo?"

Mzee Talib akajibu, "Hatujambo," kisha akageukia dirishani.

Ahmada alikuwa pia amebakisha nafasi ya diski ambayo hakuigawa. Humo nilichukua kidogo nikaipanua sehemu ya kumbukumbu, nikafuta zilizopitwa na wakati, na nikaziwekea kikomo, jambo ambalo yeye hakulifanya. Nikakaza waya. Alasiri redio ikasikika.

Mzee Talib akaniuliza, "Kijana huyu kaacha nafasi tupu ya nini?"

Nikamjibu, "Ya siku kama ya leo."

"Basi twende kituoni. N'kamtoe mwenyewe."

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya kwa mkono wangu. Nimesomewa, nami nayakubali.

Sahihi: R. A. Seif

Maelezo yameandikwa nami, Koplo Rajab Jaribu. Mlalamikaji amefuta malalamiko na kumwomba mtuhumiwa radhi mbele yangu. Mtuhumiwa ameachiwa. Amesema atarudi kazini Jumatatu ijayo, kwa sharti redio inunue diski ya pili ya akiba. Mlalamikaji amekubali.