Manjano Yametoka, Baba Hajapona

Ndera, Kigali

Dada Koleta,

Shikamoo. Natumaini Mama na watoto wako hawajambo. Mimi mzima, ila mgongo unaniuma kwa kubeba zege. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Dada, nimechoka na maneno yenu. Wiki iliyopita, hospitalini hapa, Baba aliwekewa mrija mdogo, wakaupitisha mdomoni hadi kwenye njia ya nyongo iliyokuwa imeziba. Macho yaliyokuwa ya manjano yakawa meupe, akaanza kula. Nikawatumia picha, mkashangilia. Wewe ukampigia: "Baba, umepona, rudi, tumeshatafuta mbuzi wa shukrani." Tangu hapo ananiuliza basi la mpakani Rusumo linaondoka saa ngapi.

Hajapona. Manjano yalikuwa dalili tu. Ana saratani ya kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Uvimbe ndio uliobana njia ya nyongo, na bado upo. Nilimuuliza daktari kwa hasira kwa nini hawaukati. Akasema umeshikana na mshipa mkubwa wa damu, wakipasua sasa watamuumiza bure. Wanataka kuanza na dawa za saratani za kutundikiwa kwa dripu. Uvimbe ukisinyaa vizuri, huenda wakapasua. Usiposinyaa, dawa zinaweza kumwongezea muda na kumpunguzia maumivu. Hakuniahidi zaidi, nami siwaahidi.

Jana nesi Mnyarwanda alimkuta amevaa viatu.

"Muzehe, unaenda wapi? Manjano imetoka, lakini ugonjwa iko mule mule."

"Binti yangu ameona picha, anasema nimepona."

"Binti yako ni daktari?"

"Hapana. Ila ana sauti kumshinda daktari."

Wodi nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa kitandani kwake nikamwambia jina la ugonjwa, lile mlilonikataza kulitaja. Halafu akavua viatu, akauliza dawa zinaanza lini. Ni Jumatatu.

Mimi kwake bado ni mtoto. Wewe ukisema arudi, atarudi. Mpigie umwambie abaki. Kama hilo linakushinda, basi usimpigie kabisa.

Msalimie shemeji, na mama mdogo anayetutumia mizizi ya kuchemsha. Mwambie asitume tena, daktari hataki ichanganywe na dawa zake. Na Mama usimfiche. Baba nimemwambia mimi, Mama utamwambia wewe.

Mdogo wako,
Deusi