Saladi ya Mama na Kasha la Baba Mkubwa

Nyumba ya mwisho, Barabara ya Kanisani,
Anse Perdue, Louisiana.
Alhamisi, 9 Mei 2024

Mpendwa Shangazi Verlie,

Najua salamu hutangulia, lakini nikianza nazo nitaogopa na kuishia hapohapo. Kwa hiyo nasema kwanza lile ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Baba: ninajua kilichomlaza Bibi hospitalini wakati wa Pasaka, na si saladi ya Mama.

Sasa nakusalimu. U hali gani huko Alaska? Baridi imepungua? Mgongo wa Bwana Desmond je, umepona? Sisi tu wazima. Bibi anakula vizuri na ameanza tena kuwagombeza kuku wa jirani. Vitabu ulivyonitumia nimevimaliza vyote, nakushukuru sana. Kile cha nyota nimekirudia.

Katika barua yako uliuliza, "Hivi mama yako alitia nini kwenye ile saladi?" Mama alikuwa amesimama nyuma yangu nilipokuwa naisoma. Alitoka akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka.

Basi nakujibu. Alitia viazi vilivyobaki sufuriani, mahindi aliyoyakata kutoka kwenye magunzi, vitunguu saumu vilivyokuwa vimechemka mpaka vikawa laini kama siagi, ndimu, mayonezi, na nyama ya mikia ya kamba wa matope. Hakutia kingine.

Ijumaa Kuu tuliwachemsha kamba hao uani kwa Bibi kama kila mwaka. Unaikumbuka sheria yake: hakuna anayeondoka mezani mpaka kamba wote waliobaki wamemenywa wangali moto. Mwaka huu mvua ilitukimbiza. Magazeti yaliloa juu ya meza, watu wakakimbilia ndani wamejifunika sahani vichwani, na Baba Mkubwa Ozeme akapiga kelele, "Nendeni, nendeni! Hawa niachieni mimi!"

Mimi nilikuwa gereji na kitabu changu. Nilimwona akiliinamisha lile kasha la barafu alimowaleta kamba wakiwa hai. Yalimwagika maji ya matope na majani, na kamba mmoja mzima akatambaa akaingia chini ya gari. Kisha akawamimina mlemle wale waliochemshwa, akafunga kifuniko. Hakulisuuza.

Na ni yeye huyohuyo, Shangazi, anayetutisha kila mwaka akiwa ameshika kasia la kukorogea: "Nikimkuta mtu anarudisha walioiva kwenye kasha la wabichi, namchemsha yeye!"

Walikaa humo mchana kutwa bila barafu. Jioni mvua ilipokatika, wanaume walikuwa wanatazama mpira wa kikapu, basi tukawamenya mimi na Mama. Mama alivaa glavu, maana kamba humfanya atoke vipele, na ndiyo sababu hawali. Mimi nilidhani kasha limeshasafishwa pengine baada ya mimi kuingia ndani, au sikudhani chochote. Bibi alisema kisitupwe hata kimoja, naye Mama akatii. Maganda akayachemsha kuwa supu. Vilivyobaki akavifanya saladi ya kesho yake, akaiweka kwenye friji.

Tiburce, mtoto wa Baba Mkubwa, alikuwa akichokoachokoa kamba kutoka kwenye kasha mchana ule. Asubuhi ya Jumamosi alitapika, na saladi bado ilikuwa ndani ya friji, haijaguswa na mtu. Wakasema amekula mayai mengi ya chokoleti.

Saladi ililiwa mchana huo. Siku ya Pasaka benchi letu kanisani lilikuwa tupu, na Bibi alikuwa ametundikiwa dripu. Baba Mkubwa alisimama kwenye korido ya hospitali ameshika tumbo, akasema, "Mayonezi ya dukani hiyo! Watu wa Ohio kama shemeji hawajui kwamba huku kuna joto." Kisha akamtazama Mama. "Na mpishi mwenyewe hajaumwa. Unaona, shemeji? Ulijua usionje!" Walicheka, hata wale waliokuwa wamejikunja vitini kwa maumivu.

Jumatatu nilitumwa kwake kurudisha sufuria. Nilimkuta nyuma ya banda analisugua kasha lile kwa klorini, kwa nguvu, mpaka macho yanamtoka machozi. Aliponiona aliacha kusugua.

"Wewe na vitabu vyako," akasema. "Leo unasoma nini?"

Nikamtajia. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusugua.

Tangu hapo Mama hapiki tena kwa Bibi. Hakuna aliyemkataza. Wanapiga simu tu: "Wewe shemeji lete sahani za karatasi na barafu." Shangazi, Mama amehangaika na mchuzi mzito wa Bibi, ule wa unga wa kukaanga, tangu sijazaliwa. Ameunguza unga, amechekwa, ameanza upya. Mwaka huu, siku chache kabla ya Pasaka, Bibi alimwachia mwiko akaenda kukaa barazani. Mama aliniita nije nione. Jumapili hii ni Sikukuu ya Akina Mama, tunakwenda wote kwa Bibi, na ameambiwa alete sahani.

Jumapili jioni.

Niliiacha barua ndani ya kile kitabu cha nyota. Naimalizia sasa.

Tulipofika kwa Bibi, Mama aliingia na sahani zake bado zimefungwa kwenye nailoni. Baba Mkubwa akafungua mikono. "Karibu shemeji! Leo tuko salama, jamani, sahani haziozi!" Walicheka. Baba naye alicheka kidogo, akiwa anatazama viatu vyake.

Tulipoketi kula nilisimama. Sauti yangu unaijua ilivyo ndogo, ikabidi nirudie.

"Baba Mkubwa, wewe ndiye uliyewarudisha kamba kwenye kasha la wabichi. Nilikuona. Na baadaye nilikukuta unalisugua kwa klorini."

"Nani, mimi?"

"Wewe."

"Haya! Msomi wetu ameshakuwa polisi!"

Hakuna aliyecheka. Tiburce akasema, "Kweli, baba, mimi niliwatoa humo. Walikuwa na mchanga."

"Wewe kula, nyamaza."

Bibi aliweka uma chini, akamtazama mwanawe mpaka akainamisha uso. Nilidhani sasa atasema. Akasema, "Ozeme, pitisha mkate." Kisha akanigeukia mimi, kwa upole, "Kaa, mjukuu wangu. Yameshapita hayo. Leo ni sikukuu."

Kwa Mama hakusema neno.

Baba akasema, "Noelie, inatosha." Nikamngoja aongeze kitu. Alichukua mkate, akampasia jirani yake.

Nilikwenda kuchukua pochi ya Mama kwenye kiti cha barazani, nikarudi nikamshika mkono, tukatoka kwa mlango wa mbele. Baba alibaki mezani. Tulitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Nilikaanga mayai, Mama akala, akaenda kulala na nguo zake za kanisani. Nimeosha vyombo, nimefunga mlango, nimekaa kukuandikia. Baba bado hajarudi.

Ukija mwezi wa Julai na ukapenda kumwona Mama, utatukuta hapa kwetu.

Nisalimie Bwana Desmond, na umbusu Ludovic mdogo. Salamu za Bibi, Baba na Baba Mkubwa watakupa wao wenyewe. Mungu akulinde kwenye barabara zenu za barafu, akurudishe kwa usalama.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda bado,

Noelie