Waliotafuta Wezi wa Watoto

Kwako Dada,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini huko kazini ughaibuni u mzima na mgongo umepoa. Sisi tunapumua. Mumeo naye anapumua, ila kwa shida: mbavu zimevunjika na jicho la kushoto limekwenda.

Ile ajali ya pikipiki tuliyokwambia ni uongo. Shemeji alikwenda shuleni kupiga picha za vitambulisho. Alipowapanga watoto ukutani, mama mmoja akapiga ukelele kwamba ndiye mwizi wa watoto. Weee! Mawe, matofali, mateke. Fundi viatu wa pale getini, anayemjua vizuri kabisa, alimpiga nyundo ya mbavu. Kamera walimvunjia usoni. Mtu alishaleta petroli. Mwalimu mkuu akamlalia juu, ndipo wakasita. Mimi nilifika kuokota meno yake mchangani.

Watu hao walikuwa wamesoma gazeti letu la mtandaoni. Kazi yangu unaijua: kuangalia watu wanatafuta nini mtandaoni, ili waandishi waandike hicho hicho. Basi maneno “wezi wa watoto” yalipanda ghafla mjini kwetu, yakapita hata mpira. Nilimwambia mhariri hakuna mtoto aliyepotea. Akasema lisemwalo lipo, kama halipo laja, na watu wote hao hawawezi kutafuta bure. Tukaandika kila siku.

Dada, kaa chini. Juzi umeme ulikatika ofisini, na papo hapo, kwa hesabu ninazozisoma kwenye simu, mji mzima ukaacha kutafuta wezi wa watoto. Umeme uliporudi, wakaanza tena. Nikafuatilia chanzo. Ilikuwa roboti yangu mwenyewe, programu niliyoiweka itafute maneno hayo mfululizo, nione habari yetu moja ya zamani ya wezi hao imeshika nafasi ya ngapi mtandaoni. Nikasahau kuizima, na hesabu ikaichukua kuwa ni watu. Hakuna binadamu aliyeuliza! Kompyuta niliiponda kwa mguu wa kiti mpaka ikasagika, lakini nani amepona kwa hilo?

Shemeji amekataa kuwashtaki. Anasema walitiwa hofu, na mwenye hofu haoni. Ameniapisha nimtafute aliyewatia hofu hiyo, nimlete kitandani kwake, amtazame kwa jicho lililobaki. Nimemjibu kwamba nimempata. Kesho nitakwenda, na nitaingia peke yangu.

Wasalimie wenzako wote. Ukitaka kunilaani, nilaani, ila yeye mpigie simu, anakungoja.

Mdogo wako,
Kitindamimba